Kamera Mbili na Kikombe cha Evanthia

Mpiga picha wa harusi alirudi nyumbani Thesaloniki akiwa hoi. Dukani walimwazima kamera mbili za kisasa, zisizo na kioo cha kuakisi ndani, achague moja: ya kwanza bingwa wa picha, ya pili bingwa wa video.

"Shika kahawa yako hapo, mke wangu, nizijaribu."

"Warembo wa harusini wamekuchosha, ndiyo unanikumbuka?" Evanthia akacheka.

Picha ilitoka safi: tabasamu, vidole, kikombe kimetulia.

Akafungua video. Kikombe kiligonga kisahani, kikagonga tena, wala hakikuacha. Kumbe ndiyo maana siku hizi anakunywa kahawa yake peke yake jikoni.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka." Aliuficha mkono chini ya meza. "Nunua ile ya picha."