Gari Lisilosimama

"Usiiguse!"

Mwalimu wa udereva aliiachia ile kamba kana kwamba imemuunguza. Alikuwa akitoa kila kitu kisichofungwa ndani ya gari, kama ilivyo desturi kabla ya kuingia uwanja wa mbio: mwavuli, chupa ya maji, na kamba ya kurukia yenye vishikio vyekundu iliyokuwa chini ya kiti cha nyuma.

"Samahani, mama. Ukifunga breki kwa nguvu, vitu hivi vinaruka."

"Breki zipi? Lingekuwa na breki, ningekuja hapa?"

Mwanamke alikuwa na hasira tangu asubuhi. Tangu zamani zaidi. Gereji walilipima gari wakasema ni zima. Muuzaji alisema magari ya umeme yanasimama upesi kuliko mengine yote, tena akatabasamu. Leo angepata shahidi anayeyajua magari, kisha ampeleke muuzaji yule mahakamani mpaka tabasamu limkauke.

Mumewe alisimama nje ya uzio, kichwa chini, kidole gumba kikipanda na kushuka kwenye simu.

"Zito mno hilo," alisema bila kuinua macho. "Nilikanyaga kwa miguu miwili, likazidi kuserereka tu. Mwambie, mwalimu."

Mwanamke alikaa kwenye usukani, mwalimu akazunguka upande wa pili. Aliingia, akafunga mkanda.

"Ukiachia mafuta," alianza, "yaani umeme, ulimi wangu bado haujazoea, linaanza kupunguza mwendo lenyewe. Hapo kanyaga breki. Usiibembeleze. Kanyaga kama unaua nge. Pedali ikitetemeka, zidi. Haya, tupige mzunguko mmoja uzoee kona."

"Sikufuata kona hapa."

Mwanamke alishuka na ile kamba. Kuanzia mstari mweupe uliochorwa kwenye lami, alipima ncha kwa ncha, midomo ikihesabu kimya, kama mtu aliyekwisha kupima hivyo mahali pengine mara nyingi. Alipoishia, akailaza kamba kukata njia.

"Nikifika kwenye mstari nakanyaga. Tutaipita kamba. Utaona mwenyewe."

"Kwa mwendo gani?"

Akautaja.

Mwalimu akageuka kumtazama. "Huo si mwendo wa uwanjani, mama. Huo ni wa mtaani."

"Ndio huo huo."

Gari liliondoka bila mngurumo, matairi tu yakinong'ona. Mstari ulipofika, alikanyaga kwa hasira zake zote. Pedali ilitetemeka, mkanda ukamuuma bega, gari likasimama.

Kamba ilikuwa mbali mbele. Mtu angeweza kuegesha lori katikati.

"Umefanya ujanja!"

"Ujanja upi? Mguu wangu ungefikaje huko kwako?"

Akarudia, akiongeza mwendo. Likasimama. Akataka lami imwagiwe maji. Wakamwaga, akaja kwa kasi zaidi, akiuma meno, akiliombea gari lishindwe. Liliyumba kidogo, likasimama. Kamba bado ilikuwa mbele yao, haijaguswa.

"Linasimama," alisema, kana kwamba anatukana.

"Linasimama, mama. Dereva akiwa anatazama mbele, linasimama." Mwalimu akavua kofia ngumu, akafuta jasho. "Hapo ulipoweka kamba pana nini?"

Mikono ya mwanamke haikutoka kwenye usukani.

"Geti letu. Mwanangu alikuwa anaruka kamba, anamsubiri baba yake arudi kutoka kazini."

Mwanamke akashuka. Aliiokota kamba, akaikunja taratibu, kishikio juu ya kishikio, akatembea hadi kwenye uzio. Mumewe alikuwa vilevile, kichwa chini, kidole gumba kikipanda na kushuka.

"Enhe, limekataa?" aliuliza bila kuinua macho.

Mkewe alipenyeza mkono kwenye uzio.

"Lete simu."