Mtani Kafika

Yule mtu alimpa Demetria mkono wa pole, kisha akaunyosha tena, hatua moja kushoto, akaupa pole upepo.

"Poleni nyie wawili," alisema kwa sauti ya kukwaruza, kama mtu aliyepaliwa.

Hapakuwa na mtu wa pili. Chini ya turubai watu walitazamana, halafu kicheko kikalipuka hadi kwenye masufuria ya wapishi.

"Mtani kafika!" Shangazi Eufrazia alipiga makofi. "Karibu, Mhehe wetu!"

Demetria hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa na ombi moja tu: saa nane jeneza la baba yake litoke hapa Kimara kwenda makaburini Kibamba kwa heshima, na watu wamkumbuke Mwalimu Marselino aliyesimama wima kama rula, si yule mzee wa siku tatu za mwisho. Utani aliujua. Jana Shangazi aliwapigia simu Wahehe wa Mbagala, nao wakaahidi kumtuma mtu wao aje kuwatania Wangoni, kama mila inavyotaka. Alijiandaa kumvumilia mtu atakayevaa kofia ya marehemu na kufoka kama yeye darasani.

Huyu alikuwa anaigiza ugonjwa.

Alitembea miguu imepanuka, kila hatua ikivutwa kushoto. Mkono uliitafuta nguzo ya turubai ukaikosa. Hivyohivyo ndivyo baba alivyoukosa mlango wa choo. Daktari aliwaeleza, yeye na Shangazi peke yao, kwamba ni kiharusi: kuna mshipa umeziba kule kisogoni, unaolisha ubongo mdogo, na ubongo mdogo ndio unaoshika mizani ya mwili.

"Shangazi, kwa nini ulimsimulia?" alinong'ona.

"Mie? Sijamsimulia mtu." Shangazi alijifuta machozi ya kicheko. "Mtani hafundishwi kazi, mwanangu."

Kwikwi ilimshika yule mtu. Moja, mbili, kumi, bila kukoma. Baba naye ilimtesa usiku kucha.

"Jamani, dunia inazunguka," alisema. "Nishikeni."

"Ulanzi huo!" mzee mmoja alimjibu. "Mngoni kafa, Mhehe kalewa!"

Loveness, binti wa jirani, alimpa kikombe cha maji, naye bado anacheka. Mtu yule aligugumia. Maji yakarudi kwa njia ya pua, yamechanganyika na kamasi, yakateremka kidevuni hadi kwenye kola ya shati. Hakujifuta. Kope la kushoto lilikuwa limeshuka nusu, na pembeni ya mdomo mate yalining'inia kama uzi. Demetria aliangalia pembeni.

Ndipo akatapika.

Alitapika kwenye mkeka wa wafiwa, dhiraa moja tu kutoka kwenye jeneza. Chai na maharage, harufu chachu, matone ya uvuguvugu yakaruka hadi kwenye vidole vya miguu vya Demetria. Wanawake waliruka huku wakipiga kelele na kucheka kwa pamoja, wamekunja khanga zao magotini.

"Nipelekeni hospitali," mtu yule alisema. Maneno yalimtoka yamevimba.

"Hospitali tumetoka juzi, mtani!" mtu alidakia. "Wametuambia tukazike!"

Turubai lilitikisika kwa vicheko.

Demetria alisimama. Alijua mfiwa hamkasirikii mtani. Ni aibu ya ukoo mzima. Lakini baba alikuwa amelala pale, shingo imenyooka kwa mara ya kwanza tangu augue, na huyu mwanaharamu anamrudisha kwenye matapishi mbele ya wanafunzi wake.

"Mtoeni."

"Dada, mtani hafukuzwi," alisema Brightson, mdogo wake.

"Mtoe, Brightson. Ananitia kinyaa."

Vijana wanne walimbeba. Alikuwa mzito, mikono inaburuzika mchangani.

"Jamaa anajua!" mmoja wao alishangaa. "Kajilegeza kama maiti yenyewe!"

Walimlaza nyuma ya choo, pembeni ya karo. Brightson alirudi akikung'uta mikono.

"Bado anaendelea tu," alisema. "Namwambia inuka, basi, umeshinda. Hajibu. Anapandisha macho na kuyashusha, anapandisha na kuyashusha."

"Mwache huko huko."

Demetria alimwaga mchanga juu ya matapishi, akaukunja mkeka, akautupa uani. Alinawa miguu, kisha mikono, kisha mikono tena, na bado aliisikia ile harufu. Shangazi alinuna, akasema Wahehe hawatawasamehe. Lakini hatimaye palitulia. Wanajumuiya waliimba taratibu. Watu walipita mmoja mmoja kuaga. Mzee aliyefundishwa na baba darasa la nne alisimama mbele ya jeneza mikono nyuma, kama mbele ya ubao, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Demetria alilia, na kilio kile kilikuwa kizuri.

Saa nane kamili wanaume sita walinyanyua jeneza. Halikuyumba hata kidogo. Alilifuata akiwa ameinua uso. Alichokiomba alikuwa amekipata.

Kabla hawajatoka getini, mwanamume aliyevaa gauni la kike, sufuria kichwani, masizi usoni, aliingia mbio kutoka barabarani akajitupa chini mbele ya wabebaji.

"Wangoni hamna adabu!" alipaza sauti huku akigaragara. "Mnazika bila mtani? Rudisheni jeneza! Foleni ilinikamata Mbagala, mie ndiyo kwanza nafika!"