Fundo Lililokazwa Kushoto

Fundi cherehani alikuwa na mazoea yake. Kila mchana alimega mkate, akautia mdomoni kidogo tu, na kipande kilichobaki akakifunga kitambaani na kukisukumiza ndani ya mfuko wa mabaki chini ya cherehani. Wateja walikisifia kiuno chake cha nyigu, na sifa hizo ndizo zilizomshibisha.

Leo mkono wake uligusa fundo jingine.

Alilivuta. Kilikuwa kitambaa cha sare ya shule, cha siku ile alipoipunguza kiuno sketi ya binti yake kwa mara ya pili, huku akiwalaumu walioishona. Ndani mlikuwa na mkate mkavu, wenye alama za meno madogo upande mmoja. Fundo lilikazwa kushoto, kama anavyokaza yeye. Chini yake yalikuwapo mengine, tele.

Akalirudisha fundo mfukoni.

"Mama, mbona huji?" binti aliita kutoka mezani.

Akaenda, akakaa.

"Mi nimeshashiba," binti alisema, akiisukuma sahani kwa ncha ya kidole. Alikuwa mama yake kabisa.

"Kula na mimi, mwanangu."

"Anza wewe."

Macho ya mtoto yalitua mdomoni mwake, bila kupepesa. Fundi aliuma mkate, akatafuna, akatafuna tena. Hakumeza.

Binti akamhurumia. Akanyoosha mkono chini ya meza, akampa kitambaa cha kufungia mkate.