Upande Usio na Mtu

Tangu sheria ikataze kuwasha taa mchana, madirisha ndiyo yaliyogawa mwanga wa jua katika kila nyumba. Yalisikiliza pumzi na joto la wenyeji, yakakisia nani angekaa wapi wiki hiyo, na upande ambao haungekuwa na mtu yakautia giza, ili nyumba isipate joto bure. Nyamizi, mbunifu wa majengo, ndiye aliyeyafundisha kukisia.

Jumamosi, saa nne asubuhi, binti yake alimwita.

"Mama, dirisha langu limejifunga."

Kabula alikuwa kitandani anachora, mzima kabisa, na kioo kilikuwa cheusi tii. Nyamizi alikikagua mara tatu. Hakikuwa na hitilafu.

"Si ulizime tu uliwashe upya, Mama Kabula?" mumewe alisema kutoka jikoni.

Nyamizi alikuwa amemkumbuka jirani yao, mzee Shija, ambaye dirisha lake lilijifunga Jumatatu, akazikwa Alhamisi. Wanawe walipolalamika, Nyamizi mwenyewe aliwaandikia kwamba dirisha lilifanya kazi yake sawasawa. Barua ile aliionea fahari.

Alimbeba Kabula hadi sebuleni palipojaa jua, akaketi kwenye kiti ambacho mtoto alikipenda, akampakata.

"Mama, unanibana!" Kabula alicheka.

Nyamizi hakulegeza mikono. Mbele yao kioo kilianza kuwa cheusi, taratibu, kuanzia upande wa kile kiti.