Mrehani wa Kaka

"Mrehani? Mama yako amekuwahi," muuza miche aliniambia. "Kachukua wa mwisho asubuhi. Kwani nyumbani kwenu mnafuga mbuzi?"

Nilishindwa kucheka.

Kaka alipoondoka kwenda kutafuta maisha, mama alipanda mrehani kwenye kopo la rangi. Katika ngano za bibi, msafiri huacha mmea nyumbani. Ukiwa kijani, yu hai. Ukinyauka, msimngoje tena. Sasa ni mwaka wa pili kaka hajapiga simu.

Mrehani ulikuwa umeshanyauka mara mbili. Kila mara niling'oa mkavu mama alipotoka kupeleka nguo za wateja, nikapandikiza mwingine na kusawazisha udongo kwa kijiko. Jana ulinyauka tena.

Nilirudi mikono mitupu. Mama alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule. Dirishani mrehani umesimama, kijani kibichi, unanukia. Kwenye kucha za mama kulikuwa na udongo mweusi, na mwingine umegusa kola nyeupe aliyoishika.

"Umeuona?" aliuliza bila kuinua macho. "Kaka yako mzima."

Nilichota maji kwa kikombe, nikaumwagilia.

"Mzima, mama."