Wimbo wa Taratibu

Bi Kabula alikuwa akichambua mchicha, mgeni akapiga hodi: afisa wa Hazina ya Nyimbo, akimtafuta Nyamizi, binti wa Bi Kabula. Kwa sheria, kila wimbo unaopigwa kwenye mtihani wa stashahada huhifadhiwa Hazina na kufutwa kichwani mwa mpigaji.

"Nyimbo tatu za fidla ulizochagua zote za kurukaruka," afisa alimwambia Nyamizi. "Ongeza wa taratibu, la sivyo hufanyi mtihani."

Nyamizi alijua mmoja tu: ule aliobembelezewa na mama yake utotoni.

"Nikikuuliza baadaye, mama, usiniambie nilichopoteza. Niahidi."

"Nimekuahidi."

Alifaulu. Wiki iliyofuata Bi Kabula akajisahau, akauimba jikoni.

"Wimbo mtamu huo, mama. Umeutoa wapi?"

"Redioni tu, mwanangu," akajibu, akimgeuzia mgongo.