Ngozi Mbichi Kwenye Springi

Mume wangu alitoka chini ya gari la mashindano, vumbi hadi kwenye kope. "Mama Stumai," alininong'oneza, "ngozi bado mbichi."

Gari lilifika Singida likiyumba kila kona, kwa hiyo aliiongezea springi ya nyuma bamba moja la springi ya lori. Vibano vilikuwa vimekatika, akalifunga kwa ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa, kama tufungavyo mpini wa shoka uliopasuka. Ikikaushwa na upepo, ngozi hukaza kama chuma. Ikiwa mbichi, huteleza.

Mzungu aliyekuwa akiliendesha alipiga honi. "Magari matatu yamepita! Fundi, panda. Springi ikikatika Sekenke, tutakufa wote wawili."

"Bwana, ngoja upepo kidogo tu." Mume wangu alimsihi. Mlima Sekenke una kona ambazo hata punda huzishuka akifikiri.

Mzungu akamshika ukosi, akamtia ndani, injini ikanguruma.

Basi nikaketi mbele ya gurudumu la nyuma, nikamfungua Stumai mgongoni, nikamnyonyesha. Mzungu akatazama pembeni, masikio mekundu kama pilipili.

"Mwambie mkeo atoke!"

"Bwana, kwetu mama anayenyonyesha hainuliwi mpaka mtoto ashibe."

Stumai alimaliza titi la kulia, nikamhamishia la kushoto. Alinyonya, akaachia, akacheua, akasinzia.

Nikapenyeza mkono nyuma ya gurudumu, nikaipapasa ngozi. Bado ilikuwa inateleza.

Nikamfinya mtoto paja.